Meza ikiangusha televisheni, nani hulipa?

MKULIMA wa Isansa, wilayani Mbozi mkoani Songwe, anapouza kahawa au mahindi yake na kununua televisheni, hulazimika pia kutafuta meza ya kuiwekea. Meza hiyo huipata kwa seremala wa kijijini, au katika maduka ya samani ya Mlowo, Vwawa na Tunduma.

Iwapo mguu wa meza hiyo utafyatuka wiki chache baadaye na televisheni ikaanguka na kupasuka kioo, huzuka swali gumu. Je, aliyeuza meza anawajibika kwa meza peke yake, au pia kwa televisheni ambayo hakuiuza yeye?

Jibu ambalo muuzaji hulikimbilia ni kwamba wajibu wake unaishia kwenye meza. Sheria za Tanzania, hata hivyo, hazimpi kinga hiyo.

Msingi wa kwanza ni Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo inaeleza kwamba mnunuzi akimfahamisha muuzaji matumizi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Sharti hilo linamhusu muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, hata kama halikuandikwa popote.

Kwa hiyo mnunuzi aliyesema dukani, "Nataka meza ya kuwekea televisheni ya ukubwa huu," yuko mahali pazuri zaidi kuliko aliyenyoosha kidole, akalipa na kuondoka. Meza iliyouzwa kama meza ya televisheni nayo inajieleza yenyewe.

Msingi wa pili ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 73 kinatoa fidia kwa hasara inayotokea katika mkondo wa kawaida wa mambo mkataba unapovunjwa, au ile ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kupatana, kuwa ingeweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi.

Kanuni hiyo ilitokana na kesi maarufu ya Hadley dhidi ya Baxendale, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1854. Wenye kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa mtaimbo wa mashine, na msafirishaji akachelewa kuufikisha kwa mtengenezaji. Mahakama ilikataa kuwapa faida waliyoikosa, kwa kuwa msafirishaji hakuwa amefahamishwa ipasavyo kwamba kinu kizima kingesimama.

Kwa mwenye meza, maana yake ni hii: televisheni kuvunjika baada ya meza ya televisheni kuporomoka ni tokeo la kawaida kabisa, hivyo linadaiwa. Lakini kama televisheni hiyo ilikuwa ya banda la kuonyeshea mpira, maarufu kama 'kibanda umiza', viingilio vilivyokosekana havitalipwa kwa urahisi, isipokuwa muuzaji alijua kuwa meza ilinunuliwa kwa biashara hiyo.

Fidia nayo ina kipimo. Televisheni iliyonunuliwa kwa Sh 600,000 na kutumika miaka mitatu haidaiwi kwa bei ya mpya, bali kwa thamani iliyokuwa nayo siku ilipovunjika. Ikiwa inatengenezeka, kinachodaiwa ni gharama ya matengenezo. Aidha, kifungu hicho cha 73 kinazingatia kama mdai alitumia njia alizokuwa nazo za kupunguza hasara.

Kazi kubwa zaidi iko katika ushahidi. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba meza ilikuwa mbovu. Muuzaji anaweza kujitetea kuwa mtoto aliipanda, ilibebeshwa uzito usio wake, au iliwekwa kwenye sakafu isiyo sawa. Anaweza pia kudai kuwa mnunuzi aliikagua na kasoro ilionekana wazi.

Mara nyingi kasoro hujificha. Mbao zilizotumika zikiwa mbichi husinyaa zinapokauka, na maungio hulegea. Meza za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi huvimba zikipata maji, na skrubu hupoteza mshiko. Seremala mwingine anaweza kuyasoma hayo kwenye vipande, mradi vipande vipo.

Kwa sababu hiyo, mwathirika apige picha kabla ya kugusa chochote, na ahifadhi vipande pamoja na skrubu. Asikubali meza ichukuliwe "ikatengenezwe" kabla ya kuonwa na shahidi. Risiti za meza na televisheni zitunzwe, na fundi wa elektroniki aandike kilichoharibika na gharama yake.

Baadhi ya maduka hubandika tangazo kuwa mali ikiuzwa hairudishwi. Tangazo hilo linaweza kumzuia mnunuzi aliyebadili mawazo, lakini halimwondolei muuzaji wajibu moja kwa moja pale bidhaa inapokuwa mbovu.

Hatua ya kwanza ni kumpelekea muuzaji barua yenye tarehe, maelezo ya tukio, kiasi kinachodaiwa na muda wa kujibu. Wakipatana, makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Ahadi hiyo ya maandishi ni deni lililo wazi, na huwa rahisi kudaiwa kuliko malalamiko ya mdomo.

Wasipopatana, mlango ulio karibu ni Mahakama ya Mwanzo, inayoendesha mashauri kwa Kiswahili. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliipa uwezo wa kusikiliza madai ya madeni ya mkataba yasiyozidi Sh milioni 30. Dai la uzembe dhidi ya kiwanda ambacho mnunuzi hakufunga nacho mkataba ni la aina nyingine, na ni busara kupata ushauri kwanza kuhusu mahakama inayohusika. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kumwelekeza asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Pale muuzaji alipodanganya kuhusu ubora wa bidhaa, malalamiko yanaweza kupelekwa pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003.

Aliyenunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, atakutana na ugumu zaidi, kwa kuwa muuzaji wake yuko chini ya mamlaka ya nchi nyingine.

Kwa wengine, ulinzi huanzia dukani: kutaja matumizi ya meza mbele ya shahidi, kuitikisa kabla ya kulipa, na kutoondoka bila risiti inayoonyesha kilichonunuliwa.