Tangazo Lisiloalika: Ukurasa wa Shughuli Mtandaoni na Desturi ya Mwaliko katika Mji wa Kale, Mombasa

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ukurasa wa shughuli katika intaneti unavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili ukavuta hadhira, kwa kurejelea Mji wa Kale wa Mombasa na hasa mtaa wa Ndia Kuu. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba kurasa nyingi za aina hii hazishindwi kwa uhaba wa picha wala rangi, bali kwa kuwa zimeandikwa kama matangazo ilhali kazi inayotakiwa ni ya mwaliko. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba zipo semi ambazo hazitoi habari tu bali hutenda jambo, kama vile kuahidi au kuomba radhi. Kualika ni katika hizo. Tangazo humwarifu msomaji kuwa jambo litakuwapo. Mwaliko humwarifu kuwa yeye anatakiwa.

Kazi ya mwalishi

Kabla ya kadi za kuchapishwa kuenea, arusi katika miji ya Waswahili ilialikwa kwa kinywa. Mwalishi alitumwa na wenye shughuli apite nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi, akatoa salamu, akataja aliyemtuma, shughuli ni ya nani, ni siku gani na katika nyumba gani. Aliyealikwa aliweza kumuuliza: Je, watoto waje? Ni kwa wanawake tu? Mwalishi alijibu papo hapo. Kadi iliporithi kazi hiyo ilichukua majina na tarehe, ikayaacha majibu. Ukurasa wa mtandaoni, ambao aghalabu hulaumiwa kuwa umeua desturi, kwa hakika una nafasi ya kuyarudisha, kwa sababu una mahali pa msomaji kuuliza na mwenye shughuli kujibu hadharani. Ajabu ni kwamba wengi hupaacha mahali hapo patupu.

Tatizo la wakati

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na ni hasara ya kilugha. Na tuchukue mfano wa kubuni wa jioni ya ushairi inayoandaliwa katika nyumba moja ya Ndia Kuu. Mwandalizi anakusudia saa 2:00 usiku. Fomu ya ukurasa imeundwa kwa hesabu ya Kizungu, ambamo siku huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Akijaza 2:00 bila kutafakari, mashine itaelewa saa nane ya usiku au ya mchana, na simu za waalikwa zitawakumbusha saa kumi na nane au saa sita kabla ya wakati. Panapojazwa na fomu hapana budi kuandikwa 20:00, na katika maelezo kuandikwa “saa 2:00 usiku”, ili mashine na binadamu kila mmoja apate lugha yake.

Hata hivyo, kosa la saa ni dogo likilinganishwa na la siku. Katika matumizi ya Waswahili wa pwani, yaliyofungamana na kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi usiku kwa hesabu ya serikali na ya shule. Mzee wa Mji wa Kale akisoma “usiku wa Ijumaa” ana haki ya kufika Alhamisi, naye mwanafunzi aliyetoka bara ana haki ya kufika siku ya pili yake. Wote wawili wamekisoma Kiswahili vizuri, lakini mmoja wao ataukuta mlango umefungwa, na huenda asirudi tena kwenye shughuli za waandalizi hao. Tarehe iandikwe kwa tarakimu pamoja na jina la siku, na iongezwe “usiku wa kuamkia” siku fulani, maneno ambayo hayana utata kwa yeyote kati yao.

Kipimo kingine kinachofaa ni sala. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, hivyo wakati wa kutua kwa jua haubadiliki sana mwaka mzima. “Baada ya sala ya Isha” ni miadi inayoeleweka Mji wa Kale kuliko tarakimu yoyote, na tena humhakikishia msomaji kwamba mwandalizi hakumwekea shughuli ndani ya ibada. Kwa shughuli zinazofuata mwandamo wa mwezi, kama Maulidi ya Mfunguo Sita, ukurasa unaipita kadi kwa kuwa tarehe yake hurekebishika. Ni vyema basi ielezwe tangu mwanzo kwamba siku inategemea mwezi.

Mahali na jina

Jina la Ndia Kuu lenyewe ni somo la lahaja: Kimvita husema ndia pale Kiswahili Sanifu kisemapo njia. Atafutaye “Njia Kuu” mtandaoni huenda asifikishwe kwenye ukurasa ulioandikwa “Ndia Kuu” peke yake. Jina la wenyeji lishike nafasi ya kwanza, na lile la sanifu litajwe mara moja ndani ya maelezo. (Wale waandikao “Barabara ya Ndia Kuu” wanasema barabara ya barabara kuu, lakini hilo tuwaachie.) Alama ya ramani pekee haitoshi katika mji wa vichochoro. Afadhali kuelekeza kama aelekezavyo mwenyeji: mtu aipe mgongo Fort Jesus, afuate Ndia Kuu kuelekea kaskazini, bahari iwe upande wake wa kulia, kisha atajiwe msikiti au duka lililo karibu.

Nani anaalikwa?

Ukurasa usiosema wanawake watakaa wapi, na kama watoto wanaruhusiwa, huwaacha nyumbani watu wengi ambao wangependa kuja. Hawatauliza, watakaa kimya tu. Sentensi moja, kwa mfano “wanawake wametengewa ukumbi wa juu, na watoto wanakaribishwa”, hufanya kazi kuliko sifa kumi za mshairi mgeni. Sentensi hiyo, pamoja na jina la anayealika, iwekwe mwanzoni, kwa kuwa ukurasa unapopitishwa kutoka simu hadi simu, huonekana picha na maneno machache ya kwanza tu. Jina la anayealika liwe la mtu au jamaa wanaojulikana mtaani. Neno “kamati” halijapata kubisha hodi kwa mtu.

Hesabu ya waliojibu

Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili mwaka 2009, mwaka uleule ambao nyaya za SEACOM na TEAMS za chini ya bahari zilifika Mombasa, na tangu hapo waandalizi wengi wamezoea kuhesabu majibu kabla ya siku yenyewe. Hesabu hiyo hudanganya. Abonyezaye kitufe cha kuonyesha hamu hajaahidi kitu. Jibu lake liko karibu na “inshallah” isemwayo mlangoni kwa adabu, ambayo huweza kuwa ndiyo, au labda, au hapana isiyotaka kuudhi. Wenye shughuli wa zamani walilijua hilo, wakamtuma mtoto apite tena siku moja kabla kuwakumbusha waalikwa. Ujumbe mfupi uliowekwa kwenye ukurasa siku hiyohiyo, wenye jina la mwenye nyumba, saa, na alama ya mlango, unaweza kuifanya kazi ya mtoto huyo, madhali umeandikwa na mtu ambaye yuko tayari kumjibu atakayeuliza, “Mlango ni upi?”