Foto za kwetu: kuzitoa wazi bila kuzipoteza



Simu zetu zimejaa foto za arusi, za kilio na za siku ya diplome. Lakini foto ya nyumba ya zamani ya babu, ao ya mpunga wenye nyanya alikuwa analima, mara nyingi haiko. Leo tuongee namna ya kuzipiga na kuzitoa wazi, ili mtu wa Lusangi, wa Kinshasa ao wa ng'ambo azione bila kulipa.

Mfano uko huku huku Maniema. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa mbegu za mmea wa huku. Humo aliandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai 1871. Wino ukafifia, kurasa zikawa ngumu kusomeka. Kiisha watafiti wakazipiga foto kwa mianga mbalimbali, maandiko yakaonekana tena, na tangu 2011 ziko wazi kwenye intaneti. Kurasa zenyewe zinalindwa Uskoti, lakini mwanafunzi wa Kasongo anaweza kuzisoma kwenye simu yake.

Ni kitu kizuri. Ila humo ni Livingstone peke yake anaongea. Vile wazee wa huku wanasimulia siku ile, havimo. Hata orodha ya vitu karibu 84.000 vya Tervuren, yenye Ubelgiji iliipa serikali yetu Februari 2022, iliandikwa na wenye kuvitunza kule. Sisi tunabaki wasomaji wa habari zetu.

Njia ya kuandika wenyewe iko. Wikimedia Commons, iliyoanza 2004, inapokea foto za mtu yeyote. Leseni yenye watu wengi wanachagua pale, CC BY-SA, inasema hivi: kila mtu anaweza kunakili foto yako, kuibadilisha, hata kuiuza, lakini lazima ataje jina lako, na akiibadilisha aitoe kwa leseni ile ile. Jueni pia: ukishaitoa, ruhusa ile hairudishwi. Njo maana tuulize kwanza, tupige nyuma.

Tupige nini? Tongoni, pahali pa Kasongo ya kale, makao ya Tippu Tip. Misikiti ya zamani. Nyumba za matofali mabichi, mbele mvua haijaziangusha. Na mimi kama mtu wa agronomia naongeza mpunga: uliingia Maniema na Waungwana katika karne ya 19, na leo ni chakula chetu. Piga mbegu, kinu, ungo, shamba wakati wa mavuno. Hiyo pia ni urithi.

Foto bila maelezo ni kama mbegu bila jina: huwezi kujua utavuna nini. Andika kitu kinaitwaje kwa Kiswahili na kwa luga ya mukini, kijiji gani, tarehe gani, nani alikuelezea, kama amekubali jina lake litajwe.

Na kuna vya kuacha. Kwa Warega, vitu vingine vya bwami vinaonwa na walioingizwa peke yao; simu isiingie pale. Kaburi, omba ruhusa kwa familia. Uso wa mtoto, acha kabisa. Mzee akisema hapana, ni hapana, hata kama foto ingekuwa nzuri namna gani.

Tatizo la mega tunalijua wote. Mukini tupige na kuandika maelezo kwenye kayee. Mmoja wetu akifika pahali penye rezo nzuri, azipandishe zote pamoja.

Likizo hii, kila mmoja aanze na kitu kimoja cha kijiji chake na mzee mmoja wa kukielezea. Wewe ungeanza na nini?