Sweta la Mtoto Lifumwalo Kutoka Shingoni

Sisi tukaao Ufipa hatuhitaji kufundishwa baridi ni kitu gani. Nchi yetu i juu, kati ya bonde la ziwa Rukwa na ziwa Tanganyika, hata mji wa Sumbawanga umepita mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa kipupwe hupita nyandani bila kizuizi, na watoto waendao shule asubuhi hukunja mikono vifuani. Ndipo mzazi alitoapo sandukuni sweta la mwaka uliopita, akaona mikono yake yaishia katikati ya kigasha, na tumbo la mtoto li wazi. Sweta lenyewe lingali zima. Mtoto ndiye aliyekua. Kununua jingine ni fedha, nayo fedha hiyo ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya madaftari.

Basi mwezi huu twapenda kuwaonyesha akina mama, na akina baba pia, namna ya kufuma sweta lenye nakshi kwa kuanza shingoni na kushuka chini. Faida yake kubwa ni hii: mahali pa kumalizia, yaani pindo na miisho ya mikono, pako chini. Mtoto akirefuka, mwafumua pindo, mwarudisha vitanzi sindanoni, mwaongeza vidole vinne au vitano vya mfumo mpya. Sweta lililoanzwa chini halikubali jambo hilo kwa urahisi, maana ukingo wa kuanzia haufumuki kama ule wa kumalizia.

Tusemapo akina baba hatufanyi mzaha. Zamani katika nchi hii wanaume ndio waliofuma nguo za pamba katika vitanda vya mfumi vilivyowekwa karibu na ardhi, mpaka vitambaa vya ng'ambo vilipoenea na kazi ile ikafifia. Kijana ashikaye sindano za kufumia asione haya. Arudia kazi ya babu zake.

Tena tukumbuke Injili ya Yohana, sura ya 19. Kanzu ya Bwana wetu, ile waliyoipigia kura askari, haikuwa na mshono, bali ilifumwa nzima kutoka juu. Iko picha ya kale ya altare ya Buxtehude, Ujerumani, iliyochorwa karibu mwaka 1400, nayo sasa yahifadhiwa Hamburg. Yamwonyesha Bikira Maria ameketi na sindano zake, akimfumia Mwanawe kanzu kwa mviringo. Na katika siku za karibu zaidi, Mmarekani Barbara Walker aliandika kitabu kizima juu ya kufuma kutoka juu, mwaka 1972.

Sasa tuje kwenye kazi. Hesabu zetu ni za mtoto mwenye kifua cha sentimita 64 na uzi wa unene wa kati. Sweta litakuwa na sentimita 72, ili abakiwe na nafasi ya kukua. Kwanza fumeni kipande cha kujaribia, mkakipime. Sentimita 10 zapasa kuwa na vitanzi 20. Vikizidi, twaeni sindano nene zaidi; vikipungua, twaeni nyembamba. Msidharau kupima: vitanzi 2 tu vikizidi hapo, kifua kizima kitapungua sentimita 6 na zaidi.

Anzeni na vitanzi 80, mkivilegeza ili kichwa kipite. Viungeni kuwa duara kwa sindano ya mviringo, au kwa sindano 5 zenye ncha pande zote mbili, wala mstari usijipinde. Fumeni sentimita 3 za shingo, kitanzi kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili pavutike.

Kisha yaja mabega. Ongezeni kitanzi kimoja baada ya kila 2, halafu baada ya 3, kwa zamu, mpaka mzunguko uishe, mtapata 112. Fumeni mizunguko 11 ya nakshi. Ongezeni tena baada ya 3 na 4 kwa zamu, mpate 144. Nakshi mizunguko 11. Ongezeni baada ya 4 na 5, mpate 176. Nakshi mizunguko 11. Mwisho ongezeni baada ya 5 na 6, mpate 208, mkafume mizunguko 11 isiyo na nakshi. Hesabu hizi zote zagawanyika kwa 16. Kwa hiyo ua lenye vitanzi 4, 8 au 16 litazunguka bila kukatika.

Katika nakshi tumieni rangi 2 tu kwa kila mzunguko, moja nyeupenyeupe na moja iliyokoza, kama wafanyavyo wafumaji wa kisiwa cha Fair Isle, kaskazini ya Scotland. Uzi usiotumika hupita nyuma kwa ulegevu, wala usiruke zaidi ya vitanzi 5, usije ukanaswa na vidole vya mtoto. Uzi huo wa nyuma huongeza joto mabegani na kifuani. Mabaki ya sweta lililochakaa yafaa sana. Yafueni, myaanike yakiwa yamefungiwa kitu kizito ili yanyoke.

Sasa gawanyeni: vitanzi 64 vya kifua, 40 vya mkono, 64 vya mgongo, 40 vya mkono wa pili. Mikono ingojee katika uzi. Ongezeni vitanzi 8 chini ya kila kwapa. Kiwiliwili kitakuwa na 144. Shukeni sentimita 26, mkamalize kwa sentimita 4 za mfumo kama wa shingo. Kila mkono uchukue vitanzi vyake 40 na 8 vya kwapani. Punguzeni 2 kila baada ya sentimita 4, mara 6, vibaki 36, mkamalize vivyo hivyo. Mvisheni mtoto kazi ikiwa ingali sindanoni, muone urefu kwa macho.

Angalieni, nakshi imekaa juu, na chini pameachwa rangi moja. Ndiyo sababu kurefusha hakutaharibu ua lolote. Hana, mama yake Samweli, alimpelekea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka. Mzazi asiyeweza kupata sweta jipya kila mwaka na aweke donge moja la uzi ule ule sandukuni, pamoja na sindano zake, alikute hapo Juni ijayo.