Anabeba ndizi, anakula chapati

Kabla ya jua kuchomoza Mutukula, kwenye mpaka wa Tanzania na Uganda mkoani Kagera, magari ya mizigo huwa yamekwishapanga foleni. Humo mna maharage, dagaa, ndizi, wakati mwingine parachichi au viazi. Wenye mizigo wameketi kwenye mabenchi ya mama lishe wakisubiri ofisi zifunguliwe. Mbele yao pana chai yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili. Asiyependa chapati ana maandazi. Ng'ambo ya pili chapati ile ile huviringishiwa mayai, ikaitwa rolex, ikaliwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika simu.

Mchana ni ugali wa sembe. Usiku, kwenye nyumba ya wageni, ni wali au chipsi, na soda ya kusukumia. Kesho yake safari inaanza tena. Anayevuka mpaka mara tatu kwa wiki anaweza kukaa mwezi mzima bila kula tonge moja la kile anachokiuza.

Jambo hili lina uchungu wake, kwa sababu Kagera na Uganda ya kusini ni nchi ya migomba. Wahaya na Baganda wamelelewa kwa ndizi vizazi na vizazi. Kwa mzee wa Bukoba, mlo usio na ndizi haujahesabika kuwa mlo. Mjukuu wake akiingia kwenye biashara, ndizi zinapanda lori na yeye anashuka kwenye chapati.

Siku hizi baadhi ya watu wanajaribu kurudi nyuma. Wanaacha nafaka, yaani mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi na uwele, na wanakula vyakula vizima visivyopita kiwandani: ndizi, mihogo, magimbi, viazi vitamu, kunde, maharage, mboga za majani, samaki, mayai, nyama, matunda. Mijini habari hii huletwa kama kitu kipya kutoka ng'ambo, chenye vyakula vya bei mbaya kwenye vifungashio vya kung'aa. Kwa mtu wa mpakani hakuna upya wowote. Ni chakula cha bibi yake, na mara nyingi kiko nyuma ya lori lake.

Mahindi yenyewe ni mgeni. Yaliletwa Afrika kutoka bara la Amerika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, sawa na muhogo. Yalikuja kutawala sufuria zetu hasa wakati wa ukoloni, pale mashamba ya walowezi, reli na migodi ilipohitaji chakula rahisi cha kuwagawia vibarua. Hadi leo ugali wa mahindi nchini Uganda huitwa posho, na posho maana yake ni mgawo wa mfanyakazi. Unga ulishinda kwa sababu ni mkavu, hauozi haraka, na hupimika kwa kibaba. Sifa hizo hizo ndizo zinazoufanya utawale njia ya mpakani: mama lishe hajui kama leo atapata wateja kumi au arobaini, na unga unamsubiri.

Tatizo la sembe ni kwamba inakobolewa. Ganda na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Kinachobaki ni wanga mweupe unaomeng'enywa haraka na kupandisha sukari mwilini. Chapati ya unga mweupe wa ngano haina tofauti kubwa, na juu yake kuna mafuta. Ongeza saa nane za kukaa kwenye basi, ongeza soda, na mtu wa miaka arobaini anaanza kuambiwa habari za sukari na presha bila kuelewa zimetoka wapi. Kwa mfanyabiashara mdogo ugonjwa wa namna hiyo unaingia hadi kwenye mtaji. Hana likizo ya kulipwa, na siku anayolala kitandani mzigo wake unaoza.

Hapa lazima ukweli usemwe, maana wanaouza matumaini ni wengi. Kuacha nafaka si dawa. Ndizi za kupika, mihogo na viazi navyo ni wanga, na sahani iliyofurika matoke itapandisha sukari kama ilivyo kwa ugali. Faida inakuja pale wanga unapopunguzwa ukawa sehemu ndogo ya sahani, nafasi iliyobaki ikajazwa mboga, maharage na samaki. Anayepiga dona badala ya sembe, kwa kiasi, na mchicha mwingi, naye yuko kwenye njia nzuri. Wapo wachache ambao matumbo yao hayapatani na gluteni iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Hao wana sababu ya kitabibu ya kuacha ngano, lakini mahindi na mchele havina gluteni.

Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiamke asubuhi moja akaacha ugali kwa ghafla. Dozi yake ilipangwa kwa chakula alichokuwa anakula. Akipunguza wanga bila daktari kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka mno akazimia, na kuzimia kwenye usukani kati ya Kyaka na Mutukula ni habari nyingine kabisa.

Kwa aliye mzima, njia ya mpakani imejaa chaguo ikiwa anajua majina. Dagaa wa Ziwa Victoria ni omena Kenya na mukene Uganda. Kigoma na Burundi wana dagaa wa Tanganyika, na Goma na Bukavu wanakula sambaza wa Ziwa Kivu. Majani ya muhogo, kisamvu kwa Mtanzania, ni sombe kwa Mkongo na isombe kwa Mnyarwanda. Magimbi ni nduma kwa Mkenya. Burundi na mashariki mwa Kongo ugali wenyewe mara nyingi hutoka kwenye muhogo, hivyo anayevuka Kobero au Rusizi hana haja ya kueleza sana anachotaka. Isebania na Sirari ni kugumu zaidi. Pale ugali wa mahindi ndio mfalme, ila viazi vitamu vya kuchemsha na chai asubuhi si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Kazi kubwa ni chakula cha njiani, na hapa Wasukuma wametangulia. Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa. Matobolwa hayahitaji jiko wala friji, hutafunwa hivi hivi ndani ya basi. Ukiongeza mayai mawili ya kuchemsha, parachichi moja na karanga kidogo, umefika Kampala bila kushuka kununua maandazi Masaka.

Muhogo unataka heshima. Ule mchungu una sumu ya sianidi, na hutolewa kwa kuulowesha siku kadhaa, kuuvundika na kuuanika hadi ukauke sawasawa. Penye njaa au penye haraka ya soko, hatua hizo hufupishwa. Mwezi Septemba 2017 wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa unga wa muhogo, na wawili wakafariki. Nchini Kongo, na kwa vipindi Msumbiji na Tanzania, ulaji wa muda mrefu wa muhogo usioandaliwa vizuri, bila protini ya kutosha, umeleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu. Anayenunua makopa au unga kwa ajili ya kuuza, asione haya kuuliza ulitoka kwa nani na uliloweshwa siku ngapi.

Nafaka nazo zina sumu yake, na wafanyabiashara wa mahindi hawahitaji kukumbushwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumukuvu iliwapata watu 317 na kuua 125. Mwaka 2016 iliua tena, safari hii Dodoma na Manyara. Kisha Machi 5, 2021, Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mipakani, na siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, ukiwamo ulazima wa cheti kuonyesha kwamba kiwango hakizidi sehemu 10 kwa bilioni. Waliokuwa na mzigo mmoja tu wa mahindi barabarani wiki ile walijifunza kuchanganya bidhaa. Karanga lakini zisisahaulike kwenye hesabu hiyo: kuvu hiyo hiyo huzipenda. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizo chungu hutupwa, hazirudishwi kwenye gunia.

Kuchanganya bidhaa kuna mlango wake rasmi. Mzigo wa asili ya Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja, hupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani, bila ushuru wa forodha wa Jumuiya. Cheti cha afya ya mimea bado kinatakiwa kwa mazao, na ndizi zina sababu ya ziada: mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, ukaingia Kagera miaka michache baadaye na kuangusha mashamba mengi. Mkaguzi anayefungua mkungu anatafuta ugonjwa huo, na kumkwepa kwa njia za panya ni kuupandikiza kwenye migomba ya jirani.

Bado lipo suala la benchi la asubuhi. Mama lishe hapiki ndizi kwa sababu hazingoji. Akizimenya na mteja asitokee, zinageuka nyeusi na hasara ni yake. Wateja watano wa foleni moja wakikubaliana na kumwagiza jioni, tena wakimlipa nusu kabisa, hesabu inabadilika. Ndizi kwa maharage zinaweza kuiva saa moja asubuhi, kabla dirisha la forodha halijaanza kuita majina. Wengine humletea mkungu kutoka kwenye mzigo wao wenyewe na kumlipa mkaa na mikono yake. Inatakiwa namba yake ya simu, na kumpigia kabla hajakanda unga wa kesho.