Sponji za Jambiani: bei nzuri, soko finyu

Katika maduka ya watalii Unguja, Zanzibar, sponji moja ya baharini iliyovunwa katika kijiji cha Jambiani huuzwa kati ya dola 15 na 30. Kilo nzima ya mwani mkavu aina ya spinosum, jasho la wanawake wa pwani hiyohiyo, haifiki dola 1. Cottonii, mwani wenye bei ya afadhali, umeshindwa kuhimili joto la bahari.

Shirika la Marine Cultures, lenye asili ya Uswisi, lilianza kazi ya kukuza sponji Jambiani mwaka 2009, likawalenga hasa kina mama wanaolea watoto peke yao. Wengi wao ilibidi kwanza wafundishwe kuogelea. Mwani hulimwa maji yakiwa magotini; sponji huhitaji maji ya kina zaidi.

Sponji ni mnyama asiye na mdomo wala utumbo, anayekula kwa kuchuja maji. Ukimkata kipande, kipande kinaishi na kukua. Basi vipande hutungwa kwenye kamba, kamba zikashikiliwa na maboya, na mkulima hahitaji kununua chakula wala mbolea. Kazi iko kwenye usafi: anavaa miwani ya kuzamia, anapita kamba baada ya kamba akikwangua majani na vijidudu vinavyojishikiza. Hiyo ni kazi ya miezi. Baada ya kuvuna, sponji husuguliwa na kuoshwa tena na tena mpaka nyama yote itoke, zibaki nyuzi laini za kuogea, kupaka vipodozi au kumwogeshea mtoto mchanga.

Mnunuzi ni nani? Si jirani, ni mtalii. Mwenye dodoki lake hatoi karibu shilingi 40,000 kwa kitu cha kujisugulia. Zanzibar iliposimamisha ndege za watalii Machi 2020, mnunuzi huyo alitoweka.

Nchi nyingine zilikwama kwingine. Kisiwa cha Kalymnos, Ugiriki, kiliishi kwa kuzamia sponji za asili, na uzamiaji huo ukalemaza vijana wake. Bahamas ilipoteza zake kwa ugonjwa mwaka 1938. Kisha sponji za viwandani zikashusha bei. Jambiani haitegemei sponji za asili, ila kuongeza wakulima kabla ya wanunuzi ni kujiponza. Sponji kavu ni nyepesi na haiozi upesi, hivyo ningeanza na maduka ya vipodozi ya Ulaya kabla ya kutunga kamba mpya.