Picha ya mkimbizi: Kwa nini mpigapicha anafundishwa kuuliza kabla ya kubonyeza

Dunia nzima iliujua uso wake. Jina lake halikujulikana kwa miaka 17.

Mwaka 1984, Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Afghanistan katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistan. Juni 1985 picha hiyo ikatoka kwenye jalada la National Geographic.

Ni mwaka 2002 ndipo alipopatikana. Anaitwa Sharbat Gula. Aliikumbuka siku ile, na alikumbuka hasira aliyokuwa nayo: mpigaji alikuwa mgeni kwake, na yeye hakuwa amewahi kupigwa picha.

Ndiyo maana mafunzo mazuri ya kupiga picha za wahamiaji hayaanzi na kamera. Yanaanza na swali: huyu mtu amekubali kweli?

Ridhaa ni nini?

Kuitikia kwa kichwa mbele ya mtu mwenye kamera hakutoshi. Anayesubiri chakula au hema anaweza kudhani akikataa atanyimwa msaada.

Mpigapicha anapaswa kueleza, kwa lugha anayoielewa mhusika, picha itatumika wapi, na kwamba ikishaingia mtandaoni kuiondoa ni kazi ngumu. Aseme wazi pia kwamba kukataa ni ruksa na hakuna atakachokosa.

Usalama kwanza

Aliyekimbia kundi lenye silaha huenda ameacha ndugu nyumbani. Uso wake unaweza kuwaponza. Hapo hupigwa picha ya mikono, mgongo au kivuli.

Tena, picha ya simu inaweza kubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa. Zifutwe kabla ya kutuma.

Maneno chini ya picha

Juni 2018, John Moore wa Getty Images alimpiga picha mtoto wa Honduras akilia huku mama yake akipekuliwa mpakani Texas, Marekani. Wengi waliisambaza kama picha ya mtoto aliyetenganishwa na mama yake, na jarida la Time likamweka mtoto huyo kwenye jalada. Baadaye ikabainika wawili hao hawakutenganishwa.

Picha ilikuwa ya kweli. Hadithi iliyobandikwa juu yake haikuwa.

Kwa hiyo mpigapicha hufundishwa kuandika jina (kama ni salama), mahali, tarehe na kilichotokea hasa. Na aulize pia maisha ya kabla ya safari: fundi cherehani aliyekimbia vita bado ni fundi cherehani.

Na wewe mwenye simu?

Haya si ya wenye kamera kubwa tu. Ukipiga picha Kakuma, Nyarugusu au kituo cha basi mtaani kwenu, jiulize: amekubali? Itamhatarisha nani? Nina uhakika na ninachokiandika?

Jibu moja likikosekana, usiitume kwanza.