Njia ya Kuunga Udugu

Likizo hii ya Agosti, ndugu zetu, tuliwapakia watoto garini baada ya sala ya Alfajiri, pamoja na kapu la mahamri. Tukatoka Mji wa Kale, tukavuka daraja la Nyali, tukashika njia ya Malindi kuwazuru jamaa.

Kilifi zamani ilivukwa kwa feri. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991, udhuru wa maji haupo tena. Hata hivyo miaka saba ilipita hatujamwona sahibu yetu wa huko, tuliyesoma naye chuoni kwa msahafu mmoja.

Tulimkuta haoni tena. Aliwapapasa watoto nyuso, mmoja mmoja, akiwauliza majina.

“Mbona mmekawia?”

Jawabu hatukuwa nalo. Tulikusudia kukaa saa moja, tukalala kwake.